Ofisi ya Kaunti Ikae Sokoni

Matatu inayotoka Embu kwenda Meru huipita Karurumo kabla abiria hajamaliza kuhesabu chenji yake. Ni soko dogo la eneobunge la Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na kama masoko mengi ya huko limekua kwa kuifuata lami: maduka huku, maduka kule, boda boda kwenye kona, na akina mama wenye ndizi na parachichi wakiuza karibu na magari kuliko inavyofaa. Nyuma ya maduka yanaanza mashamba ya kahawa, makadamia, mahindi na maharagwe. Soko la namna hii lina watu na lina biashara. Kinachokosekana mara nyingi ni kitovu, mahali ambapo mtu anaweza kuketi bila kununua kitu, akauliza habari za serikali, akapata choo safi na kivuli.

Ofisi ya serikali ya kaunti inaweza kuwa kitovu hicho. Ila itategemea inajengwa wapi, inajengwa kwa nini, na nani ataruhusiwa kukaa kwenye veranda yake.

Hadi Machi 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza 175, kuanzia ya majiji na manispaa hadi ya miji midogo. Runyenjes ilikuwa na baraza lake la manispaa, ndiyo maana wazee wa huko bado wanamwita askari wa kaunti kanjo. Katiba ya 2010 iliyaondoa mabaraza hayo, na baada ya uchaguzi wa 2013 kaunti 47 zikashika kazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 haikuishia kwa gavana. Iliweka msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi, na chini yao msimamizi wa kijiji, ili huduma zimfuate mwananchi aliko.

Hesabu yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nchi ina wadi 1,450. Meru peke yake ina 45, Embu 20 na Tharaka Nithi 15, yaani wadi 80 kwenye ukanda huu wa mlima. Kila moja inahitaji mahali pa msimamizi kuweka meza na faili, mahali pa wananchi kusubiri, ukumbi wa mkutano, choo. Magazeti huandika sana juu ya makao makuu ya kaunti na nyumba za magavana. Majengo haya madogo 1,450 hayaandikwi sana, na ndiyo mwananchi wa kawaida atakayoyaingia anapofuata fomu ya basari, leseni ya biashara au malalamiko ya mfereji uliokauka.

Kuhusu makao makuu, mfano ulio karibu uko ng'ambo ya Mto Thuci, unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi. Ugatuzi ulipoanza, kaunti tano zilikuwa hazina makao yaliyo tayari: Isiolo, Lamu, Nyandarua, Tana River na Tharaka Nithi. Kwa Tharaka Nithi swali la mahali lilikuwa gumu. Chuka ndio mji mkubwa, lakini uko juu, upande wa Nithi. Marimanti uko chini kwenye joto la Tharaka. Kathwana, iliyo kati ya pande hizo mbili, ndiyo iliyochukuliwa. Mpango wa fedha kwa kaunti zote tano ulikuwa serikali ya kitaifa itoe asilimia 70 na kaunti asilimia 30, na ujenzi ukaburuzika mwaka baada ya mwaka, fedha zikija kwa mafungu na wakandarasi wakisimamisha kazi.

Uamuzi wa Kathwana ulikuwa na haki ndani yake. Watu wa Tharaka walikuwa wamechoka kupanda mlima kila wanapoitafuta serikali. Lakini ofisi zilipelekwa mahali ambapo mji ulikuwa bado haujakua, na mji uliotanguliwa na ofisi hulazimika kungoja maduka, hoteli, benki na matatu vije kwa wakati wake. Tanzania inalijua jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Mji wa Serikali wa Mtumba, ambako wizara zilihamia kuanzia 2019, uko kilomita 17 hivi nje ya Dodoma mjini, na mtumishi anayetaka chakula cha mchana au dawa ya mtoto lazima afikirie usafiri.

Karurumo haina mzigo huo. Watu wako tayari, na barabara iko tayari. Kilichobaki ni kuikataa tabia moja iliyozoeleka Kenya: kutafuta kipande cha ardhi cha bure nje ya soko, kuzungusha ua, kuweka geti na askari, kisha kushangaa kwa nini jengo halikuleta maendeleo.

Tabia hiyo imeshaigharimu nchi fedha nyingi. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na miongoni mwa miradi yake yalikuwa masoko ya mazao mabichi katika maeneobunge. Mengi yalikaa miaka bila muuzaji, baadhi yakiwa yamekamilika kabisa, paa zima na meza za saruji safi. Wafanyabiashara walibaki kando ya barabara kwa sababu wateja walikuwa kando ya barabara. Mama wa nyanya hawezi kufuata jengo. Anafuata miguu ya watu. Anayepanga kufufua soko aanze kwa kuuliza miguu hiyo inapita wapi saa nne asubuhi, na ni kitu gani kitaifanya isimame kidogo.

Nje ya Afrika kuna mji mmoja mdogo ambao ulilijibu swali hilo vizuri. Keynsham, kati ya Bath na Bristol nchini Uingereza, ulikuwa na kiwanda cha chokoleti cha Somerdale kilichoajiri vizazi vya wakazi wake. Kilifungwa mapema 2011. Halmashauri ya eneo hilo iliamua kubomoa jengo lake la saruji la miaka ya 1960 katikati ya mji na kujenga jipya palepale, lililoanza kutumika mwishoni mwa 2014. Nguzo na mihimili yake mingi ni ya mbao, paa limejaa paneli za sola, na chini kuna maktaba, dawati la huduma kwa wananchi na maduka. Mamia ya watumishi waliletwa pale ili chai yao na chakula chao cha mchana vinunuliwe mjini. Fedha zilizotumika huko hazilinganishwi na bajeti ya Runyenjes, lakini wazo la kuweka maduka chini na ofisi juu, mlango ukiangalia mtaa, halihitaji utajiri wa Uingereza.

Tena si lazima kila kitu kiwe kipya. Mjini Meru, jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, liligeuzwa makumbusho yaliyofunguliwa 1974, na bado linatumika zaidi ya karne moja tangu lijengwe. Vituo vya Huduma vilivyoanza Novemba 2013 vilifuata njia hiyohiyo: vingi viliwekwa ndani ya majengo ya Posta katikati ya miji, majengo ambayo barua zilikuwa zimeyahama. Serikali haikununua ardhi wala kumwaga msingi mpya, na watu walijua tayari jengo liko wapi. Kaunti inayotaka ofisi ya wadi inafaa kwanza izunguke sokoni ikiangalia kuta zilizopo. Saruji, ambayo huchangia takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani, haina haja ya kumwagwa mahali ambapo ukuta imara tayari umesimama.

Tuseme basi hakuna jengo la kufaa, na lazima lijengwe. Hapa ndipo watu wengi hufikiri kwamba jengo la kutunza mazingira ni jengo la mitambo ya bei ghali. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye karatasi, kabla ya jembe la kwanza.

Karurumo iko karibu nusu digrii kusini mwa ikweta. Jua hupita karibu juu ya kichwa mwaka mzima, likiegemea kaskazini kidogo katikati ya mwaka na kusini kidogo mwezi Desemba. Maana yake ni kwamba ukuta unaoangalia mashariki hupigwa na jua la asubuhi, ule wa magharibi hupigwa na jua kali la alasiri, na kuta za kaskazini na kusini zinaweza kukingwa na upenu wa paa wenye upana wa mita moja tu na zaidi kidogo. Kwa hiyo jengo lirefushwe kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yakae kaskazini na kusini, na pande mbili fupi ziachiwe ngazi, stoo na vyoo. Chumba kisiwe kipana mno, ili upepo uingie dirisha moja na kutokea jingine. Ukifanya hivyo kwenye miinuko hii ya Embu, kiyoyozi hakina kazi, na taa hazitawashwa hadi jioni. Mkandarasi hatoi hata shilingi moja ya ziada kwa kuligeuza jengo upande unaofaa.

Anayetaka ushahidi wa Kenya aende Gigiri, Nairobi. Machi 2011 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon na Rais Mwai Kibaki walifungua pale ofisi mpya za watumishi 1,200. Kati ya safu za ofisi kuna uwazi mkubwa unaopitisha mwanga na kuvuta hewa moto juu, na ofisi zinapoa bila viyoyozi. Juu ya paa ziliwekwa paneli za sola za kilowati 515. Kaskazini zaidi, kando ya Ziwa Turkana ambako joto halina huruma, msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga chuo cha teknolojia cha Startup Lions, kilichokamilika 2021, na minara yake mirefu hutoa hewa moto nje. Mwaka uliofuata Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Kama ofisi zinaweza kupoa Turkana bila mashine, Embu haina kisingizio.

Ofisi ya wadi haihitaji kilowati 515. Kompyuta 15 za mkononi, taa za LED, printa na mtambo wa intaneti, vyote vikiwa vimewashwa pamoja, havizidi kilowati mbili kwa kawaida. Kwa saa tisa za kazi ni uniti 18 hivi. Paneli za kilowati tano, zinazotosha kwenye mita za mraba zisizozidi 30 za paa, huzalisha karibu uniti 20 siku ya jua la kawaida. Na kwa kuwa ofisi hufanya kazi mchana, wakati jua liko, betri inaweza kuwa ndogo, na betri ndiyo hula fedha katika sola. Ukweli mwingine usifichwe: kati ya Juni na Agosti ukungu wa Mlima Kenya hukaa siku nzima, na uzalishaji hushuka. Ndiyo sababu waya wa stima ubaki.

Maji ni hesabu tamu zaidi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Paa la mita 300 za mraba, kwa mwaka wenye mvua ya milimita 1,000, hupokea lita 300,000. Ukitoa moja ya tano inayopotea, unabaki na 240,000. Ofisi inayotumia lita 1,000 kwa siku ingeishi kwa maji hayo karibu siku zote za kazi za mwaka. Tatizo liko kwenye kuyahifadhi. Mvua za huku huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kati yake kuna miezi mikavu. Kuvuka siku 100 bila mvua kunahitaji tangi la lita 100,000, na tangi hilo la plastiki jeusi tunalolizoea, la lita 10,000, ni sehemu ya kumi tu. Kwa hiyo tangi kubwa lichimbwe chini ya ua tangu siku ya msingi, na bomba moja lielekezwe nje kwa wauzaji wa mboga. Tangi likiachwa liongezwe baadaye, halijengwi kamwe.

Kuta nazo. Matofali ya kuchoma ya kienyeji hula kuni nyingi, na kuni hizo ni miti ya mtu. Kuna njia ambayo wizara inayosimamia nyumba imekuwa ikiifundisha kwa miaka mingi kupitia vituo vyake vya teknolojia ya vifaa vya ujenzi: matofali ya udongo yanayoshikana bila kuchomwa. Udongo huchimbwa chini ya tabaka la juu lenye rutuba, hukaushwa kidogo, huchekechwa, huchanganywa na simiti kidogo na maji machache, kisha hutiwa kwenye mashine ya mkono. Vijana wawili wanavuta mkono wa mashine, kifuniko kinabana, na tofali linatoka likiwa na mfereji upande mmoja na ulimi upande mwingine, ili liungane na mwenzake kwa chokaa kidogo tu. Hufunikwa kwa nailoni kivulini na kunyunyiziwa maji kwa wiki moja au zaidi kabla ya kwenda ukutani.

Si kila udongo unafaa. Ule mwekundu wa Embu, unaoshikilia viatu wakati wa mvua, una mfinyanzi mwingi, na tofali lake hupasuka likikauka kama halikuongezewa mchanga. Fundi hupima kwa chupa ya maji inayoonyesha ndani: anatia udongo hadi theluthi, anajaza maji, anatikisa kwa nguvu na kuiacha itulie. Mchanga unakaa chini mara moja, vumbi laini linafuata, na mfinyanzi unabaki ukielea kwa saa nyingi kabla ya kujilaza juu. Mistari hiyo mitatu kwenye chupa ndiyo inayomwambia achanganye nini. Kazi hii inaweza kufanywa na vijana wa vyuo vya ufundi vya kaunti, na fedha za kuta zikabaki hapohapo Karurumo badala ya kwenda kwa lori la mawe kutoka mbali. Mbao za paa vilevile: mashamba ya kahawa ya Embu yamejaa migrevilea, mukima kwa lugha ya wenyeji, iliyopandwa mipakani kwa kivuli na kuni. Kenya ilipositisha ukataji katika misitu ya serikali Februari 2018, miti ya mashambani ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo la mafundi.

Sehemu inayoamua kama mji utafufuka, hata hivyo, ni ghorofa ya chini. Akina mama wanaouza kando ya lami wanaishi kwa hofu, kwa sababu ardhi ya hifadhi ya barabara ni ya mamlaka ya barabara kuu na notisi ya kubomoa inaweza kuja wakati wowote. Jengo la kaunti likisogezwa nyuma kidogo, likapewa veranda pana yenye sakafu ngumu, mtaro uliofunikwa na taa ya usiku, linaweza kuwapa wauzaji hawa mahali halali pa kukaa, hatua chache kutoka kwa wateja walewale. Kodi ndogo watakayolipa ilipe usafi wa choo. Ukumbi wa mikutano uwe na mlango wake wa nje, ili chama, kanisa au kikundi cha kahawa kiutumie Jumamosi bila kufungua faili za ofisi. Ngazi ziwe na mteremko wa kiti cha magurudumu, jambo ambalo sheria ya watu wenye ulemavu imedai tangu 2003 na ambalo majengo mengi ya umma bado yanalikwepa.

Wapo watakaosema hospitali zinahitaji dawa kabla ya ofisi, nao wana haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana jengo linalozungumziwa hapa ni dogo. Tume ya Mishahara iliruhusu nyumba ya gavana mmoja igharimu hadi shilingi milioni 45. Ofisi ya wadi ya ghorofa moja, ya udongo wa hapohapo, inapaswa kukaa chini sana ya hapo. Na kila mwezi ambao bili ya stima na ya maji ni ndogo, kuna fedha iliyobaki ya matumizi mengine, mwaka hadi mwaka, hadi jengo lizeeke.

Nafasi ya kudai jengo la namna hii ina tarehe zake. Kufikia tarehe 1 Septemba kila mwaka, mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa uwe mbele ya bunge la kaunti. Waraka wa mkakati wa fedha unafuata kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hatua hizo wananchi huitwa kutoa maoni, kwa matakwa ya Katiba. Mpango wa miaka mitano unaotumika Embu sasa unaishia 2027, na unaofuata utahitaji kuandikwa kabla ya hapo. Mfanyabiashara wa Karurumo atakayesimama katika mkutano huo aombe kuonyeshwa mchoro, aulize madirisha yanaangalia upande gani, tangi lina lita ngapi, na umbali kutoka mlango wa ofisi hadi kituo cha matatu ni mita ngapi.